Fahamu huenda wapi mtu akipigwa nusukaputi?

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, kisha daktari mpasuaji akamtoa uvimbe shingoni. Mgonjwa hakupiga kelele. Tangu hapo nusukaputi imezoeleka mno. Ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji huuliza habari za damu na kidonda, na ni nadra mtu kuuliza ni nini hasa kilichoondolewa kichwani mwa mgonjwa wao kwa saa mbili, kisha kikarudishwa.

Daktari wa usingizi anajua kipimo cha dawa, anajua itachukua muda gani, na anajua namna ya kumwamsha mtu salama. Lakini jinsi dawa hizo zinavyoiondoa fahamu ni suala ambalo bado linabishaniwa. Dawa zenyewe hazifanani kikemia. Ipo hata zenoni, gesi ambayo karibu haishirikiani na kitu chochote, na bado ukiivuta ya kutosha unalala. Mwishoni mwa karne ya 19, watafiti Meyer na Overton waligundua, kila mmoja kivyake, kwamba kadiri dawa inavyoyeyuka kwa urahisi katika mafuta ndivyo inavyolaza kwa nguvu. Ulinganifu huo ni wa ajabu, ila hauelezi sababu. Leo watafiti wengi wanazichunguza protini za kwenye utando wa seli za neva, zile zinazofungua na kufunga njia za chaji za umeme.

Stuart Hameroff, daktari wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Arizona mjini Tucson, aliamua kutazama kwingine. Tangu akiwa mwanafunzi alivutiwa na maikrotubuli, vijibomba vya protini vilivyomo ndani ya seli. Kimoja kina upana wa nanomita 25 hivi, kwa hiyo elfu kadhaa vingepangwa ubavu kwa ubavu katika upana wa unywele mmoja. Kazi yake inayojulikana na kila mwanabiolojia ni kuipa seli umbo, kuwa njia ya kusafirishia mizigo, na kuvuta kromosomu seli inapogawanyika. Hameroff alishuku kwamba vinafanya zaidi ya hayo: kwamba vinachakata taarifa, na kwamba dawa ya usingizi inapoingia huko ndipo fahamu inapokatika. Alikuwa na mahali, lakini hakuwa na maelezo ya namna fahamu inavyozaliwa hapo.

Maelezo aliyapata kwa mtu asiye daktari. Mwaka 1989 Roger Penrose, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha kitabu The Emperor's New Mind. Huyu ni Penrose yuleyule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020 kwa kazi yake kuhusu mashimo meusi, basi si mtu wa kupuuzwa kirahisi. Hoja yake ilianzia kwa Kurt Gödel ambaye, mwaka 1931, alithibitisha kwamba mfumo wowote wa kanuni za hisabati usiojipinga na wenye uwezo wa kutosha utakuwa na kauli za kweli ambazo kanuni zake haziwezi kuzithibitisha. Penrose akasema: mwanahisabati anaona kwamba kauli hizo ni za kweli, kwa hiyo akili yake haifanyi kazi kwa kufuata kanuni kama kompyuta.

Kwangu mimi, hiki ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote. Nani amesema akili ya binadamu haijipingi? Wanamantiki wengi wameikataa hoja hiyo kwa sababu za aina hii, na sijaona jibu la kuwanyamazisha. Hata hivyo Penrose aliendelea mbele. Ikiwa fahamu haitokani na ukokotoaji, lazima itokane na tukio la kifizikia lisilokokotoleka, naye akalitafuta pale ambapo fizikia yenyewe ina pengo.

Pengo hilo linajulikana. Kwa kanuni za kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, chembe kama elektroni inaweza kuwa katika hali mbili kwa wakati mmoja, lakini tunapopima tunapata hali moja tu. Nini kinaichagua? Penrose alipendekeza kuwa ni nguvu ya mvutano, ile inayoangusha vitu chini. Kitu kikiwa mahali pawili kwa pamoja, kila nafasi inaupinda muda na anga kwa namna yake, na mgongano huo hauwezi kudumu. Tofauti ikiwa ndogo, hali mbili huishi muda mrefu. Ikiwa kubwa, huporomoka upesi na kubaki moja. Kila mporomoko wa aina hiyo, akasema, ni chembe ya fahamu. Hameroff alikisoma kitabu, akamwandikia, na mwaka 1992 wakakutana Uingereza. Penrose alikuwa na tukio akikosa mahali pa kulitia ndani ya ubongo. Daktari akampa maikrotubuli.

Wanafizikia hawakukawia kuuliza juu ya joto. Maabara zinazounda kompyuta za kwantamu mara nyingi hupoza vifaa hadi karibu na ubaridi wa mwisho kabisa, kwa sababu mtikisiko mdogo tu unaiharibu hali hiyo ya kuwa mbili kwa wakati mmoja. Ubongo una nyuzi 37, una maji na chumvi, na molekuli zake zinagongana bila kupumzika. Kudumisha hali ya kwantamu humo ni kama kumnong'oneza mtu siri katikati ya soko la Kariakoo. Mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alikokotoa kwamba ingedumu sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde, au pungufu zaidi, ilhali seli za neva hufanya kazi kwa kipimo cha sehemu za elfu za sekunde. Mwaka 2002 Hameroff na wenzake walijibu kwamba Tegmark alikokotoa kitu tofauti na nadharia yao. Wao wakapata mikrosekunde 10 hadi 100. Wanabiolojia nao wana lao: maikrotubuli zimo pia kwenye ini na kwenye karoti. Watetezi hujibu kwamba zile za neva zimepangwa tofauti na hudumu zaidi.

Ni kweli viumbe hai wakati mwingine wanautumia ulimwengu wa kwantamu. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba protini ya jichoni mwa ndege mmoja mdogo wa Ulaya anayehama usiku inaathiriwa na usumaku kwa njia inayoelezwa na kwantamu. Kwa upande mwingine, madai yaliyovuma mwaka 2007 kwamba usanisinuru wa mimea nao hutegemea kwantamu yamepunguzwa sana na vipimo vya baadaye.

Ninachoisifia nadharia hii, pamoja na shaka zangu, ni kwamba imejiweka wazi kwa maabara. Chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, ambako mwamba wa takriban mita 1,400 unakinga vifaa dhidi ya miale ya angani, watafiti walitafuta mnururisho ambao mporomoko alioueleza Penrose ungetoa. Mwaka 2020 walitangaza kwamba toleo sahili kabisa la wazo hilo haliwezi kuwa kweli. Watetezi wakasema toleo la Penrose halikutabiri mnururisho wowote. Jibu hilo linaruhusiwa, ila likirudiwa mara nyingi mno nadharia hubaki haina cha kupimwa.

Upande wa dawa za usingizi ndio wenye uhai zaidi. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za panya waliovutishwa aina mbalimbali za zenoni: zilifanana kikemia, ila zile ambazo viini vya atomi zake vina spini, sifa ya kikwantamu, zililaza kwa nguvu ndogo zaidi. Matokeo hayo, yakithibitishwa na wengine, yatakuwa magumu kueleza kwa kemia ya kawaida. Mwaka 2024, katika Chuo cha Wellesley, panya waliopewa dawa inayoimarisha maikrotubuli walichelewa kupoteza fahamu kwa zaidi ya dakika moja. Kwa hiyo huenda maikrotubuli zinahusika. Lakini kuhusika si lazima kuwe kwa njia ya kwantamu, maana ndizo hizohizo zinazobeba mizigo ya seli.

Anachodaiwa Hameroff sasa ni kuonyesha maikrotubuli ikishika hali ya kwantamu ndani ya neva iliyo hai, kwa muda wa kutosha, na dawa ikiikata kwa kipimo kilekile kinachomlaza mtu. Lililokaribia ni jaribio la Chuo Kikuu cha Princeton la mwaka 2023, lililopima nishati ya mwanga ikisafiri ndani ya maikrotubuli umbali wa nanomita 6.6 hivi, na dawa za usingizi zikaupunguza umbali huo. Maikrotubuli zenyewe zilikuwa zimetolewa kwenye seli na kuwekwa katika chombo cha maabara.