Safari Rally: Mbio Ambazo Kuwahi Mapema Ni Kosa

Katika mtaa wa Kigobe, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, si mbali na jumba ambamo Bunge la nchi limekuwa likikutana, anakaa kaporali mstaafu ambaye kwa miaka mingi alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Ndiye aliyetutuma Kenya. Utotoni, katika miaka ya mwanzo ya 1980, alikuwa akiisikiliza Safari Rally redioni kwa Kiswahili, amekaa barazani kwa baba yake, na hata leo aweza kuwataja washindi wake mmoja mmoja kama atajaye majina ya watoto wake. "Afande," alituambia, "wewe una miguu miwili mizima. Nenda ukanitazamie."

Basi wakati wa Pasaka ya mwaka 2024 tulikwenda. Tulipita Kobero tukaingia Tanzania, tukavuka maji ya Ziwa Viktoria kwa kivuko cha Busisi (daraja kubwa la mahali pale lilikuwa bado likijengwa, likaja kufunguliwa mwaka 2025), tukaendelea hadi Sirari, na kutoka huko Kisii, Narok na hatimaye Naivasha. Safari ya namna hiyo peke yake yatosha kumfundisha mtu heshima kwa madereva wa mabasi.

Msomaji akisikia habari za uwanja wa mbio za magari, huenda akafikiri ni duara la lami lenye majukwaa, mfano wa ule wa Kyalami wa Afrika Kusini uliofunguliwa mwaka 1961. Uwanja wa Safari ni nchi yenyewe. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zile zile walizopita wachungaji na ng'ombe wao na wenye malori ya pamba. Barabara hazikufungwa. Mshindani aliyekwenda kasi aliweza kukutana na basi la abiria kwenye kona. Njia iliweza kupita kilomita 5,000, usiku na mchana, na kwa kuwa mbio ziliangukia Pasaka, mvua za masika zilikuwa mshindani mmoja zaidi ambaye hakuandikishwa. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua zaidi kwa kubeba abiria na magunia kuliko kwa mashindano.

Kaporali wetu ana mtu wake katika historia hiyo, naye ni Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Uganda, akawa miongoni mwa familia zilizolazimika kuihama nchi ile mwaka 1972, akaweka makazi Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa Datsun. Ushindi ule ulikuwa wa ajabu, kwani yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Joginder Singh, fundi wa magari na mwana wa Kenya, naye alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Hawa hawakuwa na magari ya kasi kupita ya wageni kutoka Ulaya. Walijua wapi pa kuondoa mguu kwenye mafuta.

Baada ya mwaka 2002 Safari ilitolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ikarudishwa mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Ile tuliyoitazama ilikuwa na hatua 19 za kushindania, zenye jumla ya zaidi kidogo ya kilomita 350, na hatua hizo hufungwa kwa watu wengine. Wazee wengine husema Safari ya sasa ni mtoto wa ile ya zamani. Sisi tuliosimama kando ya njia yake hatuwezi kukubali upesi.

Jumamosi alfajiri tulikuwa Elmenteita, katika ardhi ya Soysambu, penye kilima ambacho ukikitazama kutoka mbali huona kama shujaa aliyelala chali. Na hatua mojawapo ya siku hiyo imepewa jina hilo la Shujaa Aliyelala. Kwanza tulisikia helikopta. Kisha wingu la vumbi likainuka bondeni, likaja kama moto wa nyika unaosukumwa na upepo, na ndani yake gari dogo la Toyota. Lilipita mbele yetu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Mtu aliyekuwa karibu nasi, aliyelala pale usiku kucha chini ya turubai pamoja na wanawe watatu, alijifuta uso akasema amefurahi sana. Magari hayatoki pamoja. Kila moja huruhusiwa peke yake, dakika kadhaa baada ya mwenzake, na kila dereva hupambana na saa. Kwa hiyo mtazamaji hungoja, hufurahi, hungoja tena. Askari polisi wa Kenya ndio waliokuwa na kazi isiyo na mapumziko: kuurudisha umati nyuma ya kamba, kwa maneno tu, kila baada ya gari kupita.

Ndani ya gari wamo watu wawili. Dereva haoni kilicho nyuma ya kilima. Aonaye ni mwelekezi, kwa daftari waliloliandika wenyewe walipopita njia ile polepole kabla ya mashindano. Humsomea kona, jiwe, shimo, mto, na dereva hutii sauti kuliko macho yake. Gari likiharibika kati ya hatua na hatua, hakuna fundi anayeruhusiwa kuligusa; wawili hao hushuka wakatengeneza kwa vyombo walivyobeba. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa akiongoza kwa karibu dakika moja asubuhi ya siku ya mwisho, akaingia hatua ya Loldia, kando ya ziwa la Naivasha, na shokapu ya nyuma ikavunjika. Uongozi wote ukaishia pale. Mwaka 2024 Kalle Rovanperä wa Finland, kijana wa miaka 23, alitangulia mapema, akaupunguza mwendo wake kwa makusudi pale penye mawe, akashinda kwa zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Takamoto Katsuta wa Japani.

Lakini jambo tulilorudi nalo halikutoka kwa mshindi. Tulilikuta kwenye kituo cha ukaguzi wa saa, kando ya barabara. Gari moja lilikuwa limesimama hatua chache kabla ya kibao, dereva amevua kofia yake ya chuma, mwelekezi amekaza macho kwenye saa. Hawakuwa na hitilafu. Walikuwa wakingoja dakika yao. Tulielezwa sheria: anayechelewa kituoni dakika moja huongezewa sekunde 10, anayewahi dakika moja kabla ya wakati wake huongezewa dakika nzima.

Hapo yatubidi tueleze habari ya ule mguu. Yapata miaka kumi iliyopita, tukiwa na cheo cha luteni na chuo cha maofisa bado kinanukia kwenye sare zetu, tuliongoza msafara wa malori manne katika kazi ya ulinzi wa amani nje ya nchi. Tulitakiwa kufika kambini saa kumi jioni. Saa nane na nusu njia iliyobaki ilikuwa fupi, na kaporali, aliyeendesha lori letu la mbele, alikwenda taratibu kwa sababu mvua ilikuwa imeichimba barabara. Tulimwambia aongeze mwendo. Akajibu, "Afande, wakati tunao." Tukamwamuru mara ya pili. Hapakuwa na adui nyuma yetu, wala mgonjwa ndani ya lori. Tulitaka tu kuonekana tumewahi. Penye kalvati iliyomeguka ukingo gurudumu la mbele likakosa ardhi, lori likalala ubavu, na mguu wake wa kushoto haujakunjika tangu siku hiyo. Taarifa tuliyotia sahihi ilisema barabara ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu kweli, na ubovu wake ulitufaa sana.

Tuliporudi Kigobe tulimsimulia yote, tukianza na Elmenteita na vumbi lake. Alitaka kujua matairi yalivyochakaa, na kama mwelekezi wa Rovanperä husoma kwa sauti ya juu au ya chini, jambo ambalo hatukuweza kumjibu. Tulipofika kwenye sheria ya saa alitukatiza.

"Dakika nzima?"

"Dakika nzima."

Akanyamaza, akausogeza mguu wake kwa mikono miwili. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Sasa afande, siku ile sisi tungeongezewa ngapi?"

Tukahesabu. Kwa mwendo ule tuliouamuru, tungefika saa tisa na robo.

"Arobaini na tano," tukamwambia.

Akatikisa kichwa, akamwita mjukuu wake alete chai.