Meza ya Setla ni Mali ya Nani?

Hapa Njoro bado kuna meza kubwa za zamani zilizotoka mashamba ya masetla. Nyingine zililetwa kwa meli na gari la moshi, reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Nyingine zilitengenezwa papa hapa nchini na mafundi wa Kihindi. Baada ya Uhuru wa 1963, masetla wengi waliuza mashamba wakaondoka. Vyombo vingine viliuzwa, vingine vikatolewa bure, vingine vikaachwa tu.

Sasa mnunuzi akija na pesa mkononi, nani ana haki ya kuuza? Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kwa hiyo meza nyingi za masetla ni mali ya kawaida. Lakini kwa kawaida asiye mwenyewe hawezi kuuza. Mwenyekiti kukaa na meza nyumbani kwake si kusema ni yake.

Basi fanyeni hivi:

1. Waulizeni wazee ilitoka shamba gani, na nani aliinunua au kupewa.
2. Andikeni hayo katika daftari la mali, pamoja na vipimo na picha.
3. Msiuze bila mkutano, kumbukumbu zilizotiwa sahihi, na risiti.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.