Kari ni Mchuzi, Si Unga wa Kopo

Mwanamwali wa leo akiulizwa kari ni nini, aghalabu atanyosha kidole kwenye rafu ya jikoni na kuonyesha kikopo cha unga wa rangi ya manjano. Si kosa lake, kwani ndivyo neno lilivyotufikia kutoka kwa Waingereza. Asili yake, hata hivyo, ni Kitamil cha kusini mwa Bara Hindi, na huko hutajwa kwalo kitoweo kilichoungwa, cha kulia wali. Kwa maneno mengine, kari ni mchuzi wenyewe. Upo mti mdogo ambao majirani zetu Wahindi hutia majani yake mabichi katika mafuta ya moto, na jina lake linafanana na neno hili, lakini unga wa kopo hautokani nao.

Waingereza waliupenda mchuzi huo mapema. Kitabu cha upishi cha Hannah Glasse, kilichotoka London mwaka 1747, kina maelezo ya kuupika, na mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua mjini humo mkahawa wa vyakula vya Kihindi. Unga uliochanganywa tayari ni njia ya mkato iliyobuniwa kwa ajili ya mpishi asiyejua kipi hukaangwa na kipi hutwangwa. Bibi zetu wa Mji wa Kale hawakuwa na haja nayo.

Viungo viliwafikia mlangoni. Majahazi ya Kachchi, ya Ghuba na ya Hadhramaut yaliteremka na pepo za kaskazi hadi Bandari ya Kale, yakasubiri kusi ili yarejee. Safari hizo zimo katika ndimi zetu hadi leo. Bizari ni neno la Waarabu, na Waomani bado huuita hivyo mchanganyiko wao wa viungo. Dania ni la Wahindi. Mdalasini linatokana na jina la Kiajemi lenye maana ya mti wa Uchina. Pilipili manga na kungumanga yamebeba jina Manga, yaani Arabuni, ilhali pilipili hiyo kwao ni Malabar na kungumanga kwao ni visiwa vya Banda, mashariki ya mbali. Tuliviita kwa jina la aliyetuuzia! Nayo pilipili nyekundu, ambayo wengi wetu hatuwezi kula bila yake, asili yake ni Amerika. Ilisambazwa upande huu wa dunia baada ya Wareno kufika mwaka 1498. Kabla ya hapo, ukali katika mchuzi wa wahenga ulitoka kwa pilipili manga na tangawizi, ambayo imetajwa katika Sura al-Insan kuwa kichanganyio cha kinywaji cha watu wa Peponi.

Neno bizari lenyewe hutatiza. Mmoja akilitaja hukusudia manjano, mwingine uzile, wa tatu mchanganyiko mzima, na ndiyo maana mtoto aliyetumwa dukani hurudi na kisichotakiwa. Basi tuvitaje kwa majina. Sehemu kubwa ya bizari ya mchuzi ni dania kavu. Huipa mchuzi uzito. Ya pili ni uzile, wenye harufu. Manjano huleta rangi na uchungu mdogo. Hufuata pilipili manga, na uwatu kidogo tu, kwani ukizidi au ukiungua mchuzi huwa mchungu. Iliki, mdalasini na karafuu huingia kwa uchache, zaidi katika mchuzi wa nyama. Samaki wa nazi hahitaji wingi huo, bali manjano, kitunguu thomu, pilipili na ukwaju, kisha tui jepesi, na tui zito mwishoni. Ama pilau, mwenye kuitia manjano na ajibu mwenyewe kwa mama mkwe wake.

Anayetaka kujaribu, na achukue vikombe viwili vya dania kavu, kikombe kimoja cha uzile, kijiko kikubwa cha pilipili manga na kijiko kidogo cha uwatu. Kila kimoja kikaangwe peke yake bila mafuta, kwa moto mdogo, kwa sababu uzile huungua kabla dania haijanukia. Vikipoa visagwe, ndipo vichanganywe na vijiko viwili vikubwa vya manjano. Kiasi hicho chatosha nyumba kubwa kwa miezi miwili, na zaidi ya hapo harufu huanza kupotea.

Hayo manjano ndiyo yanayotaka tahadhari. Nchini Bangladesh watafiti waligundua kuwa baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha mizizi yake kwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani, ili ipendeze machoni. Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto mdogo, humdhuru aliye tumboni mwa mamaye, na kupika hakuiondoi. Serikali ya huko iliingilia kati mwaka 2019; wakati huo karibu nusu ya manjano yaliyopimwa sokoni yalikuwa na risasi, na kufikia mwaka 2021 haikuonekana tena. Ilikomeshwa kwa ukaguzi na faini, pamoja na kuwaeleza wauzaji wanachowalisha watu.

Kwa jicho au kwa kuonja, risasi haijulikani. Kwa hiyo, katika maduka ya viungo yaliyo jirani na Marikiti, mzizi uliofifia na wenye vumbi ni afadhali kuliko ung'aao kama dhahabu, na muuzaji hana sababu ya kukasirika akiulizwa bidhaa yake imetoka wapi. Unga wa pakiti na uwe na alama ya Shirika la Viwango la Kenya na jina la mtengenezaji.

Iliyo bora zaidi ni kununua manjano mabichi yanapopatikana. Huoshwa, huchemshwa hadi yalainike, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya ungo kwa siku kadhaa hadi yavunjike kwa mlio, kisha husagwa. Vaeni kanga kuukuu siku hiyo, na asiyetaka mikono ya rangi ya manjano hadi Ijumaa asianze kazi hii Alhamisi.