Mwalimu Kwanza, Mashine Baadaye

Mwaka 2025 nchi ya Estonia iliazimia kuwapatia wanafunzi wapatao 20,000 wa madarasa ya 10 na 11 vyombo vya akili mnemba. Lakini haikumsahau mwalimu: iliazimia pia walimu 3,000 wafunzwe kuvitumia. Hapo ndipo penye busara. Mashine hii hutoa jibu kwa ufasaha hata inapokosea, wala haioni haya. Mtoto ataliamini, mwalimu asiyefunzwa naye ataliamini. Aliyefunzwa atauliza: “Habari hii imetoka wapi? Nieleze kwa maneno yako.” Insha iliyotungwa na mashine humpatia mwanafunzi alama, haimpatii elimu. Basi, ndugu, fedha ya kununua mashine isitangulie fedha ya kumfunza mwalimu. Jembe halilimi peke yake.