Jina la faili la CV linavyoweza kukukosesha usaili

Na Mwandishi Wetu

WATAFUTA kazi wengi hutumia siku kadhaa kuandika wasifu wao, lakini faili lenyewe hulipatia jina kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana waajiri hupokea mafaili yanayoitwa "CV", "CV mpya" au "CV ya mwisho kabisa".

Majina hayo humtosha mwombaji, kwa kuwa kompyuta yake ina CV ya mtu mmoja. Kwa ofisa utumishi, hali ni tofauti. Ofisa huyo anaweza kupakua viambatisho vya waombaji wote na kuvihifadhi katika folda moja. Hapo faili hutengana na barua pepe iliyolileta, na kinachobaki kumtambulisha mwombaji kabla halijafunguliwa ni jina la faili peke yake.

Aidha, mafaili mawili ya aina moja hayawezi kuwa na jina moja ndani ya folda moja. Faili linaponakiliwa kwenye folda yenye jingine la jina hilo, programu ya Windows humuuliza mtumiaji iwapo lililopo liondolewe. Akikubali kwa haraka, wasifu wa kwanza hupotea, na mwenye nao hatajua kwa nini hakuitwa kwenye usaili.

Jina linalofaa huwa na mambo matatu: jina la mwombaji kama lilivyo kwenye vyeti vyake, aina ya hati, na nafasi inayoombwa. Tuchukulie mwombaji aitwaye Asha Juma anaomba kazi ya uhasibu. Faili lake laweza kuitwa Asha_Juma_CV_Mhasibu, na barua yake Asha_Juma_Barua_Mhasibu. Mafaili yakipangwa kwa alfabeti, hati hizo mbili zitakaa pamoja. Hata hivyo, tangazo la kazi likitoa utaratibu wake au namba ya kumbukumbu, mwombaji hana budi kuufuata.

Jina la mwajiri halihitajiki. Atakayesahau kulibadilisha atatuma shuleni wasifu ulioandikwa "CV ya benki".

Zipo pia alama zisizokubalika. Windows hairuhusu mkwaju, nukta mbili, nyota wala alama ya kuuliza katika jina la faili, hivyo tarehe ya 12/5/2025 haiwezi kuandikwa hivyo. Anayehitaji tarehe aanze na mwaka, yaani 2025-05-12, ili mafaili yajipange kwa mfuatano.

Jambo jingine ni herufi za mwisho wa jina, ambazo huonyesha aina ya faili. Iwapo tangazo halikuagiza vingine, PDF ni chaguo salama, kwani mpangilio wa kurasa haubadiliki kwa urahisi kama ule wa Word unapofunguliwa katika kompyuta nyingine. Lakini kufuta ".docx" na kuandika ".pdf" hakuligeuzi faili. Linaweza lisifunguke kabisa. Ni lazima lihifadhiwe upya kama PDF ndani ya programu yenyewe.

Wanaopiga skani vyeti vyao kwenye stesheneri nao wawe waangalifu, kwani mashine huweza kuyapa mafaili namba tupu. Ni vyema kumwomba mhudumu aandike jina la kila cheti kabla ya kuyahamishia kwenye flashi.

Kwa wanaoomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mfumo humtambua mwombaji kwa akaunti yake. Hata huko, jina lisiloeleweka laweza kumfanya apandishe cheti cha kidato cha nne mahali pa cheti cha shahada.

Hivyo basi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, mwombaji ajiulize swali moja: mtu asiyemfahamu, akiliona jina la faili hili peke yake, atajua ni la nani na linahusu kazi gani?