Kabla ya kutunza data, jifunze kuirejesha

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini je, msomaji, akiba usiyowahi kuifungua utajuaje kama haijaoza?

Maji yaliwafika shingoni wahandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, mnamo Januari 31, 2017. Mmoja wao alifuta kimakosa data iliyokuwa ikitumika, takriban gigabaiti 300. Walipokimbilia nakala za akiba za kila siku, walikuta zilikwisha kukoma kutengenezwa bila wao kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyotolewa kwa sababu nyingine muda wa saa sita hivi kabla ya ajali. Data iliyoingizwa baada ya hapo ilipotea.

Kwa hivyo, kijana unayetamani kazi ya kusimamia hifadhidata, yaani ghala la rekodi katika kompyuta, vitabu peke yake havitakufaa. Hakuna aliyejifunza kuogelea nchi kavu.

Anza nyumbani. Programu ya PostgreSQL hailipiwi hata senti moja, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Chukua mfano wa chama cha akina mama mtaani, ila utumie majina ya kubuni, maana siri za chama si zako. Tengeneza jedwali la wanachama, kila mmoja na nambari yake. Tengeneza la pili la michango, ukiandika nambari hiyo badala ya jina. Mwanachama akibadilisha simu, utasahihisha mahali pamoja tu. Msingi wa mpango huu wa majedwali ulielezwa na Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, mwaka wa 1970.

Kisha jifunze lugha ya SQL kwa kuiuliza data yako maswali: Nani hajalipa mwezi huu? Jumla ni shilingi ngapi?

Ukishazoea, toa nakala ya akiba na kuiweka nje ya kompyuta hiyo. Sasa futa jedwali la michango kwa makusudi! Irejeshe nakala, uhesabu: je, wanachama wametimia? Jumla ni ileile? Rudia kila wiki hadi mikono isitetemeke.

Siku mwajiri atakapokuuliza kama unajua kutunza data, usimwambie tu kwamba una nakala. Mwambie umeirejesha mara ngapi.