Je, Wajua? Sufuria za Maharage Jukwaani Broadway

Je, wajua kwamba mwaka 2019 watazamaji wa onyesho moja la Broadway, New York, walishuka jukwaani wakati wa mapumziko na kupakuliwa chakula? Maharage mazito yenye pilipili, na mkate wa mahindi pembeni. Onyesho lenyewe ni Oklahoma!, mchezo wa nyimbo na dansi ambao Wamarekani wengi waliuigiza shuleni na kuuona hauna madhara kwa mtu.

Ni mchezo wa kale. Ulifunguliwa Machi 31, 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, muziki ukiwa wa Richard Rodgers na maneno ya Oscar Hammerstein wa Pili. Ulionyeshwa mara 2,212. Hadithi waliitoa katika tamthilia ya Lynn Riggs, mwandishi mwenye damu ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, aliyezaliwa huko huko Oklahoma kabla haijawa jimbo mwaka 1907.

Akaja mwongozaji Daniel Fish na toleo hilo la 2019. Unaweza kudhani aliandika upya mazungumzo. La, karibu yote aliyaacha yalivyokuwa! Aliacha taa za ukumbi zikiwaka, watu wakawa wanatazamana usoni. Ukutani alitundika bunduki safu kwa safu. Okestra ya watu 28 akaipunguza hadi wapigaji 7, wenye banjo na mandolini, na nyimbo zilizozoeleka zikasikika kama za watu waliokaa barazani jioni.

Kuna mahali Curly, kijana mpenda sifa, anamfuata hasimu wake Jud chumbani kwake na kumshawishi ajinyonge. Kwa miaka mingi watu walicheka hapo. Fish alizima taa zote. Giza totoro, sauti mbili zinanong'ona kwenye maikrofoni, mara uso wa Jud unatokea ukutani kupitia kamera, mkubwa kupita kiasi, kila mkunjo unaonekana. Maneno ni yale yale, lakini sasa unamwona anayeambiwa. Kwangu mimi ujasiri wa onyesho hili uko hapo, kuliko hata kwenye damu ya mwishoni.

Ndiyo, damu ipo. Mwaka 1943 Jud alikufa kwa kuangukia kisu chake mwenyewe. Katika toleo la Fish, Curly anampiga risasi siku ya harusi yake, damu inarukia nguo nyeupe za maharusi, kesi inamalizwa hapo hapo kienyeji, kisha wote wanaimba wimbo wa furaha. Wapo waliochukizwa. Hata hivyo onyesho lilitwaa tuzo ya Tony ya 2019 kwa mchezo wa muziki uliorudishwa jukwaani, na lilipovuka kwenda London likapata tuzo ya Olivier mwaka 2023.

Na je, wajua kuhusu Ali Stroker? Aliigiza Ado Annie, msichana asiyejua kumkatalia mwanamume, akizunguka jukwaani kwa kiti cha magurudumu, na usiku huo wa Tony akawa msanii wa kwanza anayetumia kiti hicho kushinda tuzo hiyo. Lakini ukumbi wa sherehe haukuwa na njia ya mteremko kutoka kwenye viti vya wageni hadi jukwaani. Mshindi ilibidi asubiri nyuma ya jukwaa, atokee huko.